Barua ya wazi kuhusu mirija inayotikisika: msiishie kuuliza kina cha kovu

Kwa wakurugenzi wa vituo vya umeme wa nyuklia, wakuu wa makampuni yanayobuni na kuunda jenereta za mvuke, na wakuu wa mamlaka za usalama wa nyuklia.

Waheshimiwa,

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma mawimbi kwenye skrini. Koili ndogo ya umeme inasukumwa ndani ya mrija wa jenereta ya mvuke, inavutwa kurudi, na mimi naufuata mstari unaochorwa. Mrija mzima huchora mstari mtulivu. Mrija uliolika huchora kinundu, na kinundu hicho nakigeuza kuwa namba: asilimia fulani ya unene wa ukuta wa mrija imeondoka. Namba ikiwa chini ya kikomo, mrija unarudi kazini. Ikizidi, mrija unazibwa ncha zote mbili. Nasaini mimi, anasaini mwenzangu aliyeyasoma mawimbi yaleyale bila kuona majibu yangu, na kituo kinawashwa.

Nawaandikia kwa sababu ya jambo ambalo fomu tunayoijaza haina nafasi yake. Mrija uliotulia hauliki kwa msuguano. Kila kovu ninalolipima ni ushahidi kwamba kitu fulani kilisogea, kikarudi, kikasogea tena, mamilioni ya mara. Fomu inaniuliza kovu lina kina gani. Haiulizi ni nini kilichousogeza mrija, na hilo ndilo linaloamua kama kovu litakua taratibu kwa miaka ishirini au litatoboka kabla hatujarudi kulikagua.

Kwa kuwa barua ni ya wazi, niruhusuni nieleze kidogo kwa wasiofanya kazi hii. Katika kinu cha maji yenye shinikizo, maji yaliyopita kwenye fueli ya nyuklia hayaendi kwenye tabo, yaani mtambo unaozungushwa na mvuke ili kuzalisha umeme. Yanaingia kwenye jenereta ya mvuke na kupita ndani ya maelfu ya mirija myembamba iliyopinda kama herufi U, na nje ya mirija hiyo kuna maji mengine yanayochemka na kuwa mvuke. Ndani, shinikizo ni takriban bara 155, yaani zaidi ya mara 150 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Nje, ni chini ya nusu ya hapo. Kinachotenganisha pande hizo mbili ni ukuta wa chuma wenye unene wa milimita moja hivi. Ukijumlisha eneo la mirija yote, utakuta ni zaidi ya nusu ya mpaka wote unaoyazuia maji ya kinu yasitoke. Na mrija ukipasuka, maji yenye mionzi hayaishii ndani ya jengo la zege lililojengwa kuyazuia. Yanaingia kwenye njia ya mvuke, ambayo inatoka nje ya jengo hilo.

Mirija hiyo inashikiliwa na mabamba yenye matundu kwenye sehemu iliyonyooka, na juu, kwenye pindo, inashikiliwa na pau bapa zilizochomekwa katikati ya safu. Lazima pawe na nafasi ndogo kati ya mrija na kinachoushika, la sivyo usingeweza kuingizwa wala kutanuka ukipata joto. Katika nafasi hiyo ndogo ndimo mambo yote ninayoyaandika hapa yanamotokea.

Mitetemo si ya aina moja. Kuna ule unaotokana na misukosuko ya kawaida ya maji na mvuke vinavyopita. Huo upo kila mahali na hautakwisha. Unalisha kovu kidogo kidogo, na mara nyingi kadiri kovu linavyopanuka ndivyo kina chake kinavyozidi kukua polepole, kwa sababu msuguano uleule sasa unagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Na kuna ule mwingine. Kasi ya mtiririko ikivuka kiwango fulani, mrija ukisogea unabadilisha njia ya mvuke kuzunguka majirani zake, nao mvuke unawasukuma majirani, na majirani wanaurudishia mrija ule msukumo kwa wakati uleule unaozidisha mwendo wake. Kila mzunguko unaingiza nguvu nyingi kuliko zile zinazozimwa. Kuanzia hapo mtetemo haupandi ngazi kwa ngazi. Unaruka, na haukomi mpaka mrija ugonge kitu.

Mtafiti Connors alitoa kanuni ya kukadiria kiwango hicho cha kasi mwaka 1970. Inasema kwamba mrija mgumu zaidi, au wenye uwezo mkubwa zaidi wa kuuzima mtetemo huvumilia kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo hatujakosa elimu. Kanuni hiyo ina zaidi ya miaka hamsini. Lakini kanuni haina faida ikiwa kasi unayoiweka ndani yake si ya kweli, au ikiwa unaitumia kwa mwelekeo mmoja wa mwendo na kuusahau mwingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa San Onofre, kwenye pwani ya California, Marekani. Nitakaa hapo kidogo, kwa sababu sijaona tukio linalofundisha zaidi.

Kituo kile kilikuwa na vinu viwili vilivyokuwa vikifanya kazi, namba 2 na namba 3, kila kimoja na jenereta mbili za mvuke. Jenereta za zamani zilizeeka, zikaagizwa mpya kutoka Mitsubishi Heavy Industries kwa mradi uliogharimu zaidi ya dola milioni 600. Mpya zilifungwa 2010 na 2011. Mirija yake ilikuwa ya aloi 690, mchanganyiko wa metali unaostahimili ufa wa kutu kuliko aloi 600 ya awali lakini haupitishi joto vizuri kama hiyo. Ili kufidia, mirija iliongezwa kutoka 9,350 hadi 9,727 katika kila jenereta, na nguzo iliyokuwa katikati ikaondolewa kupisha mirija hiyo. Mabadiliko hayo yalipita kwa utaratibu wa kifungu cha 50.59 cha kanuni za Marekani, unaomruhusu mwenye kituo kubadilisha kifaa bila kuomba leseni irekebishwe, mradi tathmini yake ionyeshe kuwa mabadiliko hayavuki mipaka iliyowekwa.

Tarehe 31 Januari 2012 vipimo vya mionzi viliashiria kwamba mrija unavuja kwenye kinu namba 3. Uvujaji ulikuwa mdogo, na waendeshaji walikizima kinu siku ileile. Jenereta zile zilikuwa hazijatimiza hata mwaka mmoja kazini. Zilipofunguliwa, mamia ya mirija ilikutwa imekwaruzana yenyewe kwa yenyewe kwenye pindo la U. Mirija 129 ikajaribiwa kwa shinikizo ikiwa mahali pake, na 8 ikashindwa kutimiza kigezo. Kigezo chenyewe ni kwamba mrija, hata ukiwa umelika, lazima ustahimili mara tatu ya tofauti ya shinikizo la kawaida. Mirija minane ya chuma kipya, chini ya mwaka mmoja.

Uchunguzi ulikuta nini? Kwanza, programu ya kompyuta iliyotumika kukadiria kasi ya mvuke kati ya mirija ilitoa kasi ndogo kuliko ile halisi, kwa mara tatu hadi nne. Pili, sehemu ya juu ya pindo ilikuwa kavu mno: mahali pabaya zaidi, mvuke ulichukua hadi asilimia 99.6 ya nafasi. Mvuke ukikauka namna hiyo kasi yake hupanda, na utando wa maji unaosaidia kuuzima mtetemo unatoweka. Ripoti ya mtengenezaji mwenyewe ilieleza kwamba timu ya wabunifu iliuona ukavu huo mapema na ikafikiria njia za kuupunguza, lakini kila njia ilikuwa na gharama yake upande mwingine, wakakubaliana kutoitumia hata moja.

Na tatu ni hili linaloninyima usingizi mpaka leo. Pau bapa huuzuia mrija usiende kushoto na kulia, yaani nje ya mstari wa pindo lake. Kwa mwendo wa kwenda mbele na nyuma, ndani ya mstari uleule wa pindo, kinachouzuia ni msuguano tu kati ya mrija na pau. Fani nzima iliamini kwamba ukiudhibiti mwelekeo wa kwanza, wa pili hauna shida, kwa kuwa mrija ni mgumu zaidi upande huo. San Onofre mirija ilienda mbele na nyuma. Na kwa nini kinu namba 3 kiliharibika vibaya hivyo, ilhali namba 2, chenye jenereta za ubunifu uleule na kilichofanya kazi kwa muda mrefu zaidi, kilikutwa na mirija 2 tu iliyogusana? Mtengenezaji alijibu kwamba jenereta za namba 3 ziliundwa kwa usahihi zaidi. Pau zilinyooka vizuri zaidi, vipimo vilitofautiana kidogo zaidi, kwa hiyo pau ziliibana mirija kwa nguvu ndogo zaidi. Kazi iliyofanywa kwa uangalifu zaidi ndiyo iliyoondoa mkazo mdogo uliokuwa ukiishika mirija bila mtu kuuhesabu.

Tafadhalini isomeni tena aya hiyo kabla hamjatia saini ununuzi wa jenereta nyingine. Mrija ulikuwa unashikwa na kitu ambacho hakikuwa kwenye mchoro.

Tarehe 7 Juni 2013 mwenye kituo alitangaza kuvifunga vinu vyote viwili moja kwa moja. Umeme wa takriban megawati 2,200 ukaondoka, na zaidi ya watu 1,000 wakaambiwa kazi zao zimekwisha. Hakuna mtu aliyeumizwa na mionzi, nalo ni jambo la kushukuru, lakini nawaomba msilitumie kulifunga jambo hili. Mirija minane haikufaulu jaribio, na tulilijua hilo kwa sababu mmoja ulitangulia kuvuja taratibu. Mrija hauna wajibu wa kutuonya.

Miaka ya nyuma tayari yalikuwepo mengine. Tarehe 15 Julai 1987, North Anna, jimbo la Virginia, mrija ulikatika kwenye bamba la juu kabisa kwa uchovu wa chuma, yaani kuvunjika kwa kutikiswa mara nyingi mno. Kutu ilikuwa imeubana pale kwenye bamba hivyo ukapoteza uwezo wa kuzima mtetemo, na pau za kuzuia mtetemo hazikuufikia. Tarehe 9 Februari 1991, Mihama, Japani, kinu namba 2: mrija ukakatika kabisa, mfumo wa dharura wa kupoza kinu ukajiwasha, na chanzo kikawa pau ambazo hazikuchomekwa hadi kina kilichoandikwa kwenye mchoro. Ndani ya miaka minne, mabara mawili, ilionekana kwamba pau iliyoko kwenye karatasi na pau iliyoko ndani ya chuma si lazima zifanane. Nchini Ufaransa, katika kituo cha Cruas, kati ya 2004 na 2006 mirija ilivuja kwa njia nyingine tena. Masalia ya kutu ya chuma yaliziba nafasi za maji kwenye mabamba, mtiririko ukasongamana katikati ya jenereta, kasi ikapanda, na mirija ya hapo ikatetemeka mpaka ikachoka. Ubunifu ulikuwa sahihi siku ya kwanza. Uliobadilika ni uchafu, na uchafu ulibadilisha kasi.

Matukio haya manne yana vyanzo vinne, na ukimpa mpimaji kina cha makovu peke yake hawezi kuvitenganisha. Tena mrija unaochoka unaweza kukatika bila kuonyesha kovu kubwa kwanza.

Sasa niseme habari ya kuziba, maana ndipo tunapojidanganya zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeuchukua usemi huo kama ulivyo: mrija umelika, zibeni, tuendelee. Lakini mrija uliozibwa unaendelea kuwepo. Unaendelea kutikisika mahali pale pale, na mara hii hakuna koili itakayoingia kuupima. Katika kituo cha Ginna, jimbo la New York, tarehe 25 Januari 1982 mrija ulipasuka, na chanzo kilikuwa kipande cha chuma kilichosahaulika ndani ya jenereta wakati wa matengenezo ya nyuma. Kipande hicho kilikuwa kimeshaiharibu mirija ya pembezoni ambayo baadhi yake ilikuwa imezibwa tangu zamani. Mirija iliyozibwa iliendelea kupigwa, ikakatika, ikaanza kuwapiga majirani. Mirija ilikuwa imezibwa, na swali la nini kiliiharibu halikuwa limejibiwa.

Nami nimeshiriki kosa hilo kwa mkono wangu. Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, nilisoma kovu dogo kwenye makutano ya mrija na pau. Lilikuwa mbali na kikomo. Nikaandika namba, nikaendelea na mrija uliofuata, kwa kuwa nilikuwa na mamia ya kusoma kabla zamu haijaisha. Ukaguzi uliofuata, kovu lilikuwa limekua haraka kuliko tulivyotabiri, na pembeni yake makovu mapya yalijipanga kwenye mirija ya jirani, yote kwa urefu uleule kwenye pindo. Mtu yeyote angeyaona yamekaa kama mstari. Nililitaja kwenye kikao. Nikajibiwa, kwa heshima, kwamba yote yako chini ya kikomo isipokuwa moja, na hilo moja litazibwa. Lilizibwa. Sikubishana. Nilipaswa kubishana, na sehemu ya sababu ya kuandika barua hii ni ukimya wangu wa siku ile.

Najua mnabeba mzigo ambao mimi siubebi. Kila siku kinu kinapokuwa kimezimwa, kuna umeme usiozalishwa na watu wanaopiga simu kuuliza lini. Najua pia kwamba kikomo cha kina kina maana yake: vituo vingi vya Marekani huziba mrija ulioondokewa na asilimia 40 ya ukuta, na namba hiyo ina hesabu nyuma yake. Ila hesabu hiyo inadhani kwamba kovu litakua kesho kama lilivyokua jana. Kwa mtetemo wa kawaida, dhana hiyo inasimama. Kwa mrija uliovuka kiwango cha kasi, jana haina la kusema kuhusu kesho.

Kwa hiyo, wakuu wa mamlaka za usalama, nawaomba mlitoe swali la chanzo kwenye ripoti za baada ya ajali na kuliweka kabla ya kuwasha. Kovu jipya la msuguano likionekana mahali ambapo ubunifu ulisema halitakuwepo, au makovu yakijipanga, kina kisitoshe kukipa kituo ruhusa. Mwenye kituo aeleze nini kinausogeza mrija, na maelezo yake yakaguliwe na watu ambao hawakufanya hesabu ya kwanza. Kama hajui, aseme hajui, na kinu kiendeshwe kwa muda mfupi kisha kikaguliwe tena. Na jenereta ya kubadilisha isihesabiwe kuwa kifaa kilekile kwa sababu tu inakaa kwenye msingi uleule. Ukibadilisha aloi, idadi ya mirija, nguzo ya katikati na pau, umebuni kitu kipya.

Wabunifu, ninyi mna wajibu mgumu kuliko wote. Hesabuni pande zote mbili za mwendo, kwa kasi iliyothibitishwa na programu ya pili na kwa majaribio ya mchanganyiko wa maji na mvuke, si maji matupu. Tangu 2012 watafiti wengi wameufanyia majaribio mwendo wa ndani ya mstari wa pindo, kwa hiyo hakuna tena anayeweza kusema hakuujua. Semeni kwa maandishi ni nguvu kiasi gani ya mgusano mnayoitegemea kati ya pau na mrija. Kama hamuitegemei kabisa, onyesheni kwamba mrija unasimama bila hiyo. Kisha pimeni kiwandani kama pau zimefika zinapopaswa kufika, kabla chombo hakijafungwa.

Wakurugenzi wa vituo, jenereta ikiwa mpya na ubunifu wake haujawahi kufanya kazi popote, msisubiri mzunguko mzima wa fueli ndipo mkague mirija yote. Kinu namba 3 cha San Onofre hakikuufikia ukaguzi wake wa kwanza. Simamisheni mapema, kagueni kila mrija kuanzia ncha hadi ncha, kisha mtangaze mlichokiona: ramani za makovu, mahali yalipo, kasi ya kukua, hata kama yote yako chini ya kikomo. Kituo kingine chenye jenereta zinazofanana na zenu kinaweza kuutambua mstari wa makovu ambao ninyi mmeuona kama nukta tu.

Na ombi langu la mwisho ni dogo, halihitaji mkutano wala bajeti. Kwenye fomu ninayoijaza kuna safu ya namba ya mrija, safu ya mahali, safu ya kina. Ongezeni safu moja iandikwe chanzo cha mwendo, na nafasi ikibaki tupu, fomu isipokelewe. Ukaguzi wangu unaofuata unaanza baada ya wiki chache. Nitakuwa mbele ya skrini ileile, na safari hii, safu iwepo au isiwepo, nitaandika.

Wenu katika kazi,

Mpimaji wa mirija